Sungura Aliyesimama Badala ya Kuku

Siku mliponiaga kazini mlisema maneno mazuri, na nusu yake haikuwa kweli. Mlisema sikuchelewa hata siku moja. Nilichelewa mara nyingi, mto ukijaa na wenye mitumbwi wakikataa kutuvusha kutoka Alunguli. Mlisema sijui kukasirika. Aliyesema hivyo alikuwa mgeni. Liputa la kitenge mlilonipa ni zuri, nimeshalivaa msikitini. Lakini Dokta Neema, mkubwa wenu wa sasa, aliniomba kitu kingine: niandike. Kaye, yaani daftari, za miaka ya vita zimeliwa na mchwa upande mmoja, na mtu aliyebaki anayejua kilichokuwa kimeandikwa ni mie, Mwavita. Shule nilisoma mpaka mwaka wa nne, kisha baba akasema inatosha. Kwa hiyo msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa ya kazi, hayo njo yatawafaa, na humu yapo.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Havina hadithi ndefu.

Nilianza kama mkata majani. Kituo chetu cha utafiti hapa Kindu kilikuwa nyumba ndefu ya matofali upande wa pili wa reli, na ndani yake mabanda ya sungura, safu tatu. Kazi yangu ilikuwa kuleta majani asubuhi na kufagia mavi. Siku ile ile ya kwanza Dokta Muteba, daktari wa wanyama aliyekuwa mkubwa wetu, alitoka na koti lake jeupe akasema, "Mama, nishikie huyu." Nikamshika sungura masikio, kama wanavyoshikwa sokoni. Akapiga teke moja hewani. Mgongo ukakatika hapo hapo mikononi mwangu.

Nilingoja kufukuzwa. Dokta aliweka miwani yake juu ya paji la uso, akauliza, "Umejifunza?"

"Nimejifunza."

"Umejifunza nini?"

"Kama sungura iko na nguvu kupita mifupa yake."

"Kesho usikate majani," akasema. "Kesho ingia ndani."

Basi shikeni hivi: mkono mmoja ngozi ya shingo, mkono wa pili chini ya matako, halafu umfiche uso kwapani mwako. Sungura asiyeona hapigani. Nimewaona baadhi yenu mnawashika kama mnabeba mtoto wa kubatizwa. Acheni.

Swali la Dokta Muteba lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu. Mfupa uliovunjika, ufungwe usitikisike hata kidogo, ama uachwe utikisike? Na kama utikisike, kiasi gani, na kuanzia siku gani? Hospitalini watu walikuwa wanafungwa plasta, ule unga mweupe unaoganda kama jiwe, na wanalala nayo miezi. Ikikatwa, mguu unatoka mwembamba kama mpini wa jembe, na kuna mifupa iliyokuwa imelala tu, haijashikana. Vijijini mafundi wa mifupa walikuwa wanafunga kwa vijiti na kuwakanda wagonjwa wao kila siku, na wengi wao walitembea. Wengine hawakutembea. Dokta alitaka kujua ni nini kinachowagawanya.

Basi alitengeneza mashine, na mashine hiyo ilikuwa cherahani. Cherahani ya kukanyaga kwa mguu, kichwa chake kimekufa. Fundi mmoja wa karakana ya reli aliondoa sindano, akaweka kijiti cha chuma chenye kiatu kidogo cha ngozi mbele. Sungura analala kwenye kihori cha mbao kilichotandikwa nguo, mguu wake wa nyuma unavishwa kile kiatu, na mtu akikanyaga chini, kiatu kinapanda na kushuka. Kulikuwa na skrubu ya kupimia. Ukiikaza, mguu unatikisika unene wa ukucha tu. Ukiilegeza, unatikisika unene wa kijiti cha kiberiti.

Dokta aliwavunja mwenyewe, baada ya sindano ya usingizi, na kabla ya kisu kugusa alimfinya sungura kidole kuona kama bado anasikia maumivu. Akisikia, tunangoja. Hilo sikuliona akiliruka hata siku moja, hata siku ambayo wageni walikuwa wanasubiri mlangoni. Safu ya kwanza walifungwa wasitikisike. Safu ya pili walitikiswa kidogo, robo saa asubuhi, robo saa jioni. Safu ya tatu walitikiswa sana. Mkanyagaji alikuwa mie.

Ninaikumbuka sauti ile kuliko sauti za watu wengi. Taka-taka-taka, na nje treni inapiga filimbi ikiingia, na sungura ametulia anatafuna jani la kiazi kana kwamba mguu ule ni wa jirani. Wapita njia walidhani ninashona. Mama mmoja alileta gauni la binti yake lililochanika kwapa, akaniomba niharakishe kwa sababu arusi ilikuwa Jumamosi. Nililishona kwa mkono, nikala wali wa arusi.

Picha za mifupa tulipigia hospitalini, mara moja kwa wiki. Nilikuwa ninabeba sungura kwenye kikapu na kukaa nao kwenye foleni. Watu walilalamika. "Hata sungura anatutangulia?" mzee mmoja aliuliza. Nikamjibu, "Huyu amevunjika muguu. Weye unakohoa tu." Alicheka mpaka akakohoa kweli.

Lakini Dokta hakutaka nitegemee picha. Alinifundisha kidole gumba. Funga macho, pitisha kidole juu ya muundi, polepole, bila kuminya. Mfupa unapopona unafanya fundo, kwanza laini kama mshipa wa nyama, kisha gumu. Safu ya kwanza, wale waliofungwa kabisa, fundo lilikuwa dogo na lilichelewa. Safu ya tatu halikuganda kabisa. Mguu ulibaki unakunjika pale katikati kama una goti la pili. Safu ya pili, wale wa unene wa ukucha, walifanya fundo kubwa, la haraka, na walisimama kabla ya wenzao. Lakini si kama ulianza kuwatikisa siku ile ile ya kuvunjika. Hapo uliharibu. Ilibidi uwaache kwanza walale siku zao.

Haya yote mnayasoma vitabuni leo, na motori yenu ndogo ya umeme wa jua inakanyaga bila kuchoka. Sawa. Mie niliyasoma kwa kidole.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa mjomba wangu Asumani, ndugu wa mama, fundi wa mifupa huko Kailo. Watu walimfuata kutoka mbali, wengine wakibebwa mabegani kwenye machela ya tipoi. Naye alikuwa na desturi ya kuku, ile ya mafundi wa kwetu, ambayo ninyi watoto wa mjini mnaicheka bila kuijua. Akimfunga mtu aliyevunjika mguu, hamvunji kuku siku hiyo. Anangoja uvimbe ushuke, anangoja mpaka kidole chake kisikie kama mfupa umeanza kushikana. Siku hiyo njo anachukua kuku, anamvunja mguu pale pale alipovunjika mgonjwa, anamfunga kwa vijiti vile vile na dawa ile ile, anamwachia uani. Kuku akikanyaga bila kuchechemea, mgonjwa anafunguliwa na kusimamishwa. Siyo kabla, siyo baada. Mnyama njo anayesema siku.

Nilimleta kituoni siku moja. Alizunguka mabanda mikono nyuma, akasimama mbele ya cherahani.

"Mzee," Dokta akamwambia, na nilimwona anazuia kicheko, "huyo kuku wako anajuaje mguu wa mtu?"

"Anajua kama sungura wako anavyojua. Ila kuku wangu halali ku cherahani."

"Analala wapi?"

"Kuku halali, Dokta. Anatembea, anachakura, anakimbizwa na watoto. Muguu unatikisika kidogo kidogo mchana mzima. Weye unafunga muntu kama muzigo. Muntu si muzigo."

Dokta akaacha kucheka. Akavuta kiti. "Na mgonjwa mwenyewe, unamtikisa?"

"Namukanda na mawese ya moto, nageuza kisigino kidogo. Kila siku."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka akunje uso. Akilia, umepita."

Dokta aliandika neno hilo kwenye kaye yake kama alivyoandika maneno ya maprofesa. Tangu siku ile wale wazee wawili walipendana. Mjomba alikuwa anamletea asali ya porini, na Dokta anamletea picha za mifupa zilizoharibika, na mjomba alizitundika dirishani huko Kailo. Ilikuwa miaka mizuri. Nikifumba macho ninasikia harufu ya yale majani mabichi asubuhi, na wao wawili wanabishana juu ya nyonga ya mbuzi.

Halafu vita.

Treni ziliacha kuja. Dokta alikuwa amekwenda Katanga kutafuta sindano za usingizi, na njia ikafungwa nyuma yake. Wafanyakazi wakatawanyika, mmoja kwao Kibombo, mmoja sijui wapi mpaka leo. Nilibaki na ufunguo. Mnaniuliza kila mara kwa nini niliendelea kwenda kazini kama hapakuwa na mkubwa. Sungura hawajui kama kuna vita. Wanataka majani saa moja.

Jambo moja niliamua: bila sindano ya usingizi hatuvunji. Kwa hiyo hapakuwa na wavunjwa wapya, niliwalisha tu na kuandika wa zamani.

Askari walikuja, sitasema wa nani, maana walikuwa wanabadilika. Walikuja na gunia. Mmoja alimshika sungura mguu wa nyuma, sungura akajirusha, akaangukia sakafu ya saruji, na muundi ukavunjika. Yule askari akacheka. "Mama, huyu amevunjika tayari. Si njo kazi yenu?" Akaniachia huyo mmoja na wengine watatu waliokonda. Nilimfunga yule vijiti. Nilimwacha alale siku zake, kisha nikamweka kwenye cherahani, unene wa ukucha, asubuhi na jioni. Mguu wangu ulikuwa unajua kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Sasa niwajulishe mdogo wangu Zaina. Hakufanya kazi kituoni. Mume wake alikuwa amekwenda kuchimba mawe upande wa Pangi, na habari zake hazikurudi. Alihamia kwangu na watoto wanne, nami nilikuwa na wangu watatu. Mie nilikuwa na ufunguo wa mabanda, na ufunguo hauliwi. Zaina alikuwa na baiskeli. Alikuwa anaisukuma kwa mguu mpaka upande wa Kibombo, chumvi kwenda, mchele kurudi, siku nyingi njiani. Watoto saba walikula kwa mabega ya Zaina. Hilo likumbukeni, ndilo kiini cha haya yote.

Wiki mbili hivi kabla askari hawajaja kituoni, Zaina alikuwa ameanguka kwenye daraja la magogo, na baiskeli na mzigo wote vikamwangukia muundi. Walimleta kwenye tipoi. Hospitalini hapakuwa na plasta, na mwuguzi alisema tu, "Alale." Nikatuma habari Kailo. Mjomba Asumani alikuja kwa miguu, amebeba vijiti vyake mgongoni kama kuni ili kwenye vizuizi wasimwulize. Aliunyoosha mfupa, akaufunga, akakaa nasi.

Siku zikapita. Mchele uliisha, ukafuata muhogo, muhogo nao ukaisha. Watoto walianza kula majani ya viazi niliyokatia sungura. Uvimbe wa Zaina ulishuka, na asubuhi moja mjomba alipitisha kidole, akatikisa kichwa kwa furaha. "Unaanza. Leteni kuku."

Kulikuwa na kuku mmoja kwenye avenyu nzima, na alikuwa wangu, nimemficha ndani ya nyumba chini ya beseni. Mjomba alimvunja, akamfunga, akamwachia uani. Siku ya tatu tulikuta manyoya nyuma ya ukuta. Sikuuliza. Siku zile aliyekuwa na njaa hakuulizwa.

Mjomba alikaa kizingitini kama mtu aliyefiwa. "Bila mnyama sijui siku," akasema. "Nitamusimamisha kwa kubahatisha?"

Nilitafuta kuku mpaka ng'ambo ya mto. Hapakuwa na kuku Kindu, ama waliokuwa nao walikuwa na akili kuliko mie. Jioni nilikwenda kituoni, nikamchukua yule sungura, nikamweka mbele ya mjomba.

"Huyu nini?"

"Sungura, mjomba. Amevunjika muundi, sawa na Zaina. Asimame badala ya kuku."

Mjomba alimgeuza, akavigusa vijiti nilivyofunga, akavisifu. Kisha akauliza, "Amevunjika lini?"

Ndani watoto walikuwa wanagombania ukoko wa sufuria. Nilijua jibu, lilikuwa kwenye kaye kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki tatu.

"Juzi," nikasema. "Siku moja na kuku wako."

"Na muguu wake, umeufanya nini?"

"Nimeufunga tu."

Mjomba aliitika, akamwachia sungura uani. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Mie nilikuwa mtu wa labo, wa maabara ya Dokta.

Msiseme sikujua nilichofanya. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mji ule. Nilijua mfupa wa mnyama mdogo unashikana upesi, mfupa wa mtu unachelewa. Nilijua kama sungura yule alikuwa ameshaanza hesabu yake zamani, na ametikiswa na mashine, na Zaina hakutikiswa na mtu, kwa sababu mjomba alikuwa ameanza kutetemeka mikono na aliogopa kumkanda. Nilijua, na nilitaka Zaina asimame. Nilijiambia labda atabahatika. Nimefanya kazi na mifupa maisha yangu yote, na sijaona mfupa mmoja uliobahatika.

Baada ya siku chache tu sungura alikuwa anaruka uani. Mjomba alimtazama sana. "Sungura ana haraka," akasema. Akarudi kwa Zaina, akapitisha kidole juu ya mguu. "Bado ni laini hapa." Akanitazama mie. Nilikuwa ninachambua majani, sikuinua macho. Akatazama tena uani. "Lakini mnyama amesema," akasema. Kwa maana desturi njo hiyo: kidole kinaanza, mnyama anamaliza.

Tulimfungua vijiti mchana, watoto wote wakitazama. Zaina alishika fremu ya mlango, akainuka, akacheka. "Yaya, niangalie!" aliniita. Yaya ni dada mkubwa, kwa wale wenu mliotoka mbali. Akakanyaga hatua moja. Akakanyaga ya pili. Kwenye ya tatu mguu ulikunjika pale pale katikati, akaanguka juu ya mtoto wake wa mwisho, na kilio chake kiliwatoa majirani nje.

Mjomba alipiga magoti, akaushika mguu, akafumba macho. Alipofumbua alikuwa mzee zaidi. "Umekanyaga vibaya, mwanangu," akamwambia.

Na Zaina, jasho linamtiririka, akajibu, "Munisamehe, mjomba. Nisamehe, yaya. Nilikuwa na haraka."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Sikusema. Nilikwenda kuchemsha maji.

Kaye ya kituo ilikuwa imebaki na kurasa nyingi na sungura wachache, kwa hiyo tangu Zaina aanguke nilikuwa nimemwandika humo, kwenye mistari ya sungura: siku, uvimbe, maumivu, fundo. Siku ile niliandika: mgonjwa alikanyaga vibaya. Maneno matatu, kwa herufi nzuri.

Mara ya pili hatukuweka mnyama. Mjomba aliunyoosha tena mfupa, lakini hakutaka kuendelea. "Kidole changu kilisema bado, mnyama akasema tayari," alinung'unika, "nami sijui tena nimusikilize nani." Nikachukua kazi mie. Zaina alilala mpaka uvimbe ukaisha kabisa, na baada yake nikaongeza wiki nne nzima, na njaa ikae pembeni ingoje. Niliuza sahani, niliuza mlango wa chumba. Kisha nikaanza. Mawese ya moto, mkono mmoja juu ya palipovunjika, mkono mmoja chini, unene wa ukucha. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Nilikuwa ninatazama uso wake. Akikunja, ninaendelea. Akitaka kulia, ninaacha.

"Yaya, mie si cherahani!"

"Nyamaza. Nashona."

"Basi shona gauni, uache muguu yangu!"

"Gauni lako halina fundo. Nyamaza, nimepotea hesabu."

Siwaandikii haya ili mwende mkawakande watu. Ninyi ni wa wanyama. Mtu apelekwe hospitali, na siku hizi plasta ipo. Ninaandika kwa sababu wanyama wa safu ya pili walisema kweli, na mfupa wa mdogo wangu uliwaitikia. Fundo lilikuja, kubwa kama ndimu, na gumu. Mvua zilipokwisha alikuwa anatembea. Mguu ulikuwa umefupika upana wa kidole, kwa sababu mvunjiko wa pili ulikula mfupa. Alirudi kwenye baiskeli yake, akiisukuma kwa kuinama upande mmoja, na watoto wote saba wako hai. Kila Idi alikuja kuniomba msamaha kwa kunilemea siku zile kwa sababu ya haraka yake. Kila Idi nilimwambia yamepita.

Mjomba alirudi Kailo. Hakuvunja kuku mwingine, wala hakumfunga mtu mwingine. Walimletea kijana aliyeanguka kwenye mchikichi, akawaambia wampeleke kwa mwingine. Alikufa hivyo, fundi aliyeacha ufundi, na mie nilijua sababu kuliko yeye.

Filimbi ya treni ilipolia tena, Dokta Muteba alirudi na kichwa cheupe. Alilia alipoona cherahani ipo. Alifungua kaye, akasoma, akauliza, "Na huyu Zaina ni sungura wa safu gani?"

"Ni mdogo wangu."

Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasoma yote, akaufikia ule mstari, akatikisa kichwa. "Wagonjwa hawasikii," akasema. Na tangu siku hiyo akawafundisha hivyo wanafunzi, na wanafunzi wakawafundisha wengine, na ninyi wote mmesikia habari ya mgonjwa wa Mama Mwavita aliyekanyaga vibaya. Nimewasikia mkiicheka jikoni. Nimewamiminia chai huku mnaicheka.

Sasa ufuteni mstari ule. Dokta Neema, weka haya mahali pake: mgonjwa alikanyaga vizuri. Mnyama aliyempima alikuwa amevunjika wiki tatu kabla na ametikiswa kwa mashine, na mtunza kaye alijua, na mtunza kaye alisema uongo. Kidole cha fundi Asumani kilisema bado, na kilikuwa sawa.

Kabla ya kuwaletea kurasa hizi nilimsomea Zaina, kwa sababu isingefaa asikie kwenu. Tulikuwa uani, yeye anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipofika kwenye swali la mjomba, mchi ulisimama.

"Rudilia hapo."

Nikarudilia.

"Siku tatu ao wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Na uliniacha nikuombe musamaha."

"Niliacha."

"Kila Idi."

"Kila Idi."

Alirudi kutwanga. Alitwanga mpaka sombe ikawa kama uji, na aliendelea. Mwishowe aliegemeza mchi ukutani, akanyoosha ule mguu mbele yake, akautazama kana kwamba mtu ameurudisha baada ya kuuazima.

"Miaka yote hii nilizani ni mie," akasema.

Kisha akasimama. "Maji ya kisima nimebeba na muguu huu tangu vita. Kuanzia kesho unabeba weye. Mabido mawili, asubuhi, kabla jua halijawaka. Na usiniletee habari ya uzee."

"Mpaka lini?"

"Nitakuambia."

Hajaniambia. Kwa hiyo asubuhi sipatikani. Mwenye swali juu ya sungura aje baada ya saa tatu, nikiwa nimeshapumzisha mgongo.